Johnny English: Kichekesho cha jasusi kilichopita Msumbiji

Kwa zaidi ya miaka 20 sasa, Johnny English, mhusika wa filamu za Uingereza, amewachekesha watazamaji kwa kuwaiga majasusi kwa kejeli. Katika filamu yake ya pili, iliyotoka mwaka 2011, aibu yake kubwa inatokea Msumbiji, na msaidizi wake anaigizwa na kijana wa London ambaye wazazi wake wanatoka Uganda. Hata hivyo, katika sehemu hii ya Afrika, ambako kazi ya majasusi imeacha makaburi ya kweli, kicheko hicho kinaacha jambo la kutafakari.

Tangazo la kadi ya benki

Mhusika huyu hakuzaliwa katika sinema. Alianza katika miaka ya 1990 kama jasusi Richard Latham, kwenye matangazo ya televisheni ya kadi ya Barclaycard. Aliyemwigiza ni Rowan Atkinson, mchekeshaji anayefahamika zaidi katika nchi zetu kwa jina la Mr. Bean. Latham alijiona mjuzi wa kila jambo na kuidharau kadi hiyo, kisha akaumbuka mbele ya msaidizi wake, Bough, ambaye alikuwa nayo mfukoni.

Mwaka 2003 wazo hilo liligeuzwa kuwa filamu, na jasusi akapewa jina la Johnny English. Muongozaji alikuwa Peter Howitt. Katika filamu hiyo, English ni karani wa idara ya ujasusi anayeota kuwa shujaa. Jasusi bora wa nchi anakufa kwa uzembe wake, wengine wote wanauawa kwa bomu katika mazishi ya mwenzao, naye anapewa kazi kwa sababu hakuna mwingine aliyebaki. Kichekesho chote kinasimama juu ya msingi huo: cheo kikubwa mikononi mwa mtu asiyekistahili, ambaye hana hata chembe ya shaka juu ya uwezo wake. Wahenga walikwisha sema kwamba debe tupu haliachi kuvuma.

Anayechekwa ni nani?

Ili kuielewa kejeli hii, ni lazima kumkumbuka anayeigwa, yaani James Bond. Bond alibuniwa na Ian Fleming, mwandishi aliyewahi kutumika katika idara ya ujasusi ya jeshi la majini la Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Riwaya ya kwanza ilichapishwa mwaka 1953. Filamu ya kwanza, Dr. No, ilizinduliwa mjini London tarehe 5 Oktoba 1962.

Tarehe hiyo ina maana yake. Siku nne baadaye, tarehe 9 Oktoba, Uganda ilipata uhuru kutoka kwa Uingereza. Tanganyika ilikuwa imetangulia mwezi Desemba 1961, na Jamaica, kisiwa ambacho ndicho mandhari ya filamu hiyo, ilikuwa imejitawala miezi miwili tu kabla ya uzinduzi. Kwa maneno mengine, Uingereza ilikuwa ikishusha bendera yake nchi baada ya nchi, huku katika sinema mtu mmoja wa Uingereza akiendelea kuingia nchi yoyote apendayo, kuua na kuondoka bila kuulizwa. Madaraka yaliyokuwa yakipungua duniani yaliendelea kung'ara ukumbini.

Johnny English anayavua majivuno hayo nguo. Ana suti ile ile, gari la kifahari na bastola, ila kila kifaa kinamgeuka. Tena kejeli hiyo imetoka ndani ya nyumba yenyewe. Neal Purvis na Robert Wade, waliokuwa miongoni mwa waandishi wa filamu ya 2003, ndio pia walioandika filamu kadhaa za Bond, ikiwemo Die Another Day ya mwaka 2002. Atkinson naye aliwahi kuigiza afisa wa ubalozi asiye na makali katika Never Say Never Again, filamu ya Bond ya mwaka 1983.

Msumbiji na kijana mwenye asili ya Uganda

Filamu ya pili, Johnny English Reborn, iliongozwa na Oliver Parker. Inapoanza, English amejificha katika nyumba ya watawa huko Tibet. Alipelekwa Msumbiji kumlinda rais, akashindwa, na rais akauawa. Jina la Msumbiji linakuwa kidonda chake: kila anapolisikia, jicho linamcheza.

Anaporudishwa kazini, anapewa msaidizi kijana aitwaye Tucker. Aliyeigiza nafasi hiyo ni Daniel Kaluuya, aliyezaliwa London mwaka 1989 kwa wazazi wa Uganda. Wakati huo hakuwa maarufu kimataifa. Miaka kumi baadaye, mwaka 2021, alitwaa tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora msaidizi kwa filamu ya Judas and the Black Messiah.

Tucker ndiye mwenye macho katika hadithi hii. Anamtambua msaliti aliyejificha ndani ya idara na kumkabili ana kwa ana. English, anayemwamini msaliti huyo kwa sababu ni rafiki mwenye haiba na cheo, anamfukuza kijana na kumkabidhi adui ufunguo uliokuwa ukitafutwa. Baadaye inambidi aende nyumbani kwa Tucker kuomba radhi na msaada. Katika filamu zote za English mpangilio ni huo: mkubwa anapata sifa, mdogo anajua ukweli. Yeyote aliyewahi kufanya kazi chini ya bosi asiyesikiliza anaielewa kejeli hii bila mkalimani.

Pale kicheko kinapokoma

Hata hivyo, filamu haikai kuuliza wananchi wa Msumbiji walipoteza nini kwa kifo cha rais wao. Kifo hicho ni aibu ya English tu, kisha hadithi inasonga mbele. Kwa mtazamaji wa Ulaya hilo linaweza kupita bila kuonekana. Kwa mtazamaji wa ukanda huu ni vigumu zaidi.

Eduardo Mondlane, rais wa kwanza wa chama cha ukombozi cha FRELIMO, aliuawa mjini Dar es Salaam tarehe 3 Februari 1969 kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu. Idara ya ujasusi ya Wareno imeshukiwa kwa miaka mingi kuhusika. Nchini Congo, Waziri Mkuu Patrice Lumumba aliuawa tarehe 17 Januari 1961. Mwaka 1975 kamati ya Baraza la Seneti la Marekani ilieleza kwamba shirika la CIA lilikuwa limepeleka sumu Congo kwa lengo la kumuua, ingawa sumu hiyo haikutumika. Ubelgiji iliomba radhi mwaka 2002 kwa mchango wake katika kifo hicho.

Mambo haya hayafanyi kuwa kosa kumcheka Johnny English. Kinyume chake, kejeli inasaidia pale inapoonyesha kwamba nyuma ya pazia la siri kuna binadamu wenye kiburi, wanaokosea na kufichiana makosa. Kwa muda mrefu usiri ulikuwa ngao: Uingereza yenyewe iliitambua kisheria idara yake ya ujasusi wa nje, MI6, mwaka 1994 tu. Jambo lisilotajwa haliwezi kuhojiwa, na mtu anayechekwa hatishi tena.

Katika filamu ya tatu, ya mwaka 2018, shambulio la mtandao linafichua majina ya majasusi wote walio kazini, na English, ambaye sasa ni mwalimu wa jiografia, anaitwa tena. Kila moja ya filamu hizo tatu iliingiza takriban dola milioni 160 duniani, sehemu kubwa ikitoka nje ya Marekani.

Kwa mzazi au mwalimu anayezitazama pamoja na vijana, Msumbiji ya Johnny English inaweza kuwa mwanzo mzuri wa mazungumzo. Filamu inamcheka jasusi aliyeshindwa kumlinda rais. Kumtaja Mondlane na Lumumba, na kueleza kwa nini waliuawa, ni kazi iliyoachiwa wenyeji.