Simu ikifa, michezo yako ya drafti inabaki wapi?

Kuna swali linaloturudia hapa redioni kila mara kwa maneno tofauti: "Mtangazaji, nimepata simu nyingine. Kwenye ile ya zamani nina michezo mingi ya drafti niliyohifadhi, nitaihamishaje?" Wapo wanaocheka wakisikia swali hili. Mimi sicheki, maana yalinikuta.

Marehemu mjomba wangu alikuwa mchezaji wa kijiweni, wa ubao wa mbao na vifuniko vya soda. Miaka yake ya mwisho miguu ilimsumbua, hakuweza tena kutembea mpaka kijiweni, nikaweka programu ya drafti kwenye simu yangu. Kila nikienda Maore kumsalimia tunacheza, ananifunga, nami nahifadhi mchezo. Baada ya yeye kufariki simu ikaanza kugoma. Fundi akaiflashi, ikarudi tupu kama imetoka dukani. Namba za watu zilirudi kwa sababu zilikuwa kwenye akaunti ya Google. Michezo ya mjomba haikurudi hata mmoja.

Nilidhani kubonyeza "Save" kunatosha. Ukweli ni kwamba programu nyingi za michezo hutunza vitu kwenye chumba chao ndani ya simu hiyo hiyo. Ukiifuta programu, chumba kinaondoka nayo. Kwenye mipangilio ya simu pia kuna vitufe viwili vinavyowachanganya watu: "Clear cache" huondoa takataka za muda tu, lakini "Clear data", ambayo simu nyingine huiita "Clear storage", inafagia kila kitu, pamoja na michezo uliyohifadhi.

Utasema, si Google huwa inatunza? Inatunza, kwa masharti. Tangu Android 6, simu inaweza kupeleka nakala ya vitu vya programu kwenye akaunti yako ya Google, mwisho MB 25 kwa kila programu, kama aliyeitengeneza hajazuia. Tatizo letu liko kwenye sharti jingine: kwa kawaida nakala hiyo husubiri simu iwe imetulia na iwe kwenye Wi-Fi. Kuanzia Kisiwani hadi Ndungu, wengi wetu tunaishi kwa bando. Simu inaweza kumaliza mwaka mzima bila kuonja Wi-Fi, na mwenyewe anaamini nakala ipo. Ingia kwenye mipangilio, fungua Google, kisha "Backup", uangalie tarehe ya mara ya mwisho. Ukikuta ni ya zamani, usiitegemee.

Programu zinazokutaka ujiandikishe ni afadhali, kwa sababu michezo unayocheza mtandaoni inakaa kwao, nawe unaikuta ukiingia kwa simu yoyote. Wanaocheza chesi kwenye Lichess, kwa mfano, wanaweza kupakua michezo yao yote ikiwa faili moja. Lakini ukicheza kama mgeni bila kujiandikisha, usitegemee kuikuta.

Kilicho chako kabisa ni faili uliloshika mwenyewe. Tafuta kwenye vidoti vitatu au alama ya kutuma, neno "Export" au "Share". Mara nyingi chesi hutoka kama faili la PGN, mfumo ulioanza mwaka 1993, na drafti kama PDN, ambao ni ndugu yake. Usiogope majina. Ndani ni maandishi ya kawaida kabisa. Miraba 32 inayochezewa imepewa namba, na mwanzo wa mchezo husomeka hivi:

1. 11-15 22-18 2. 15x22 25x18

Kistari ni kusogea, x ni kula. Mchezo mzima unaweza kuenea kwenye meseji nne au tano za kawaida, kwa hiyo kuutuma hakuli bando kama picha ya kioo. Na hata programu ikifa, mtu mwenye ubao na vifuniko anaweza kuucheza upya kwa kusoma namba hizo.

Jitumie faili hilo kwa barua pepe. WhatsApp peke yake siipendekezi, maana nayo ikikosa nakala inapotea pamoja na simu. Kama una kadi ya kumbukumbu, weka nakala ya pili huko.

Kuingiza faili kwenye programu nyingine, yaani "Import", kuna mtego mmoja. Drafti si moja. Kwenye drafti ya Kiingereza kingi anasogea mraba mmoja, kwenye ya Kirusi anakimbia mstari mzima. Faili la PDN linaweza kuwa na sehemu inayoitwa GameType: 20 ni ya kimataifa ya ubao wa 10 kwa 10, 21 ya Kiingereza, 25 ya Kirusi. Programu ikiwa imewekwa kwenye sheria tofauti, mchezo utakwama katikati na utadhani faili ni bovu. Badilisha sheria kwanza, kisha ingiza tena.

Wazee wa bao mtaniuliza, na sisi je? Kwenu daftari linatosha. Andika namba 32, moja kwa kila shimo, ongeza kete ambazo kila mmoja bado anazo mkononi. Jumla lazima iwe 64. Isipofika, kuna shimo umeruka.

Kabla hujaifuta simu ya zamani, fungua faili lako kwenye simu mpya, ucheze hatua mbili tatu mbele na nyuma. Ukiona kete zimekaa mahali pake, hapo mpe mdogo wako ile ya zamani.