Kilichofichwa kwenye ukurasa bado kipo



Vijana wanaotutengenezea tovuti ya parokia walituletea ukurasa wa maombi. Kila ombi lilikuwa na kichwa kifupi na kibonye, "Soma zaidi". Ukikigusa, maelezo yanashuka. Ukigusa tena, yanajikunja. Tulifurahi, maana kwenye simu ndogo ukurasa mrefu unachosha. Kisha mama mmoja wa kamati akauliza: kabla hatujagusa, maelezo yale yako wapi?

Yako tayari ndani ya simu ya msomaji. Ukifungua ukurasa, seva, yaani ordinateri inayotunza tovuti, inatuma maandishi yote mara moja. Pamoja nayo inakuja amri ndogo, display: none, inayoiambia simu isionyeshe sehemu fulani. Ukigusa kibonye, programu fupi ya JavaScript inaiondoa amri ile, na maneno yanatokea. Kilichofunguliwa ni pazia tu. (Amri nyingine, visibility: hidden, inaficha maneno lakini inaacha nafasi yake tupu, kama kiti cha mwimbaji asiyefika.) Kwa kazi rahisi hata JavaScript haihitajiki: alama mbili za HTML, details na summary, zinatosha kukunja na kukunjua. Sisi tunazipendelea, kwa kuwa zinafanya kazi hata mtandao ukikatika kabla programu haijafika. Picha nazo, hata zikifichwa, mara nyingi zinashuka na kula mega za msomaji.

Lakini mega si neno kubwa. Kati ya maombi yale lilikuwemo la mama aliyekimbia vita, pamoja na jina lake, kijiji chake na mabaya aliyotendewa. Vijana walikuwa wameongeza neno la siri: bila kuliandika, sehemu ile haifunguki. Waliamini wamemlinda. Tulifungua ukurasa kwenye ordinateri, tukabonyeza Ctrl na U, na habari zake zote zikatokea, pamoja na neno la siri lenyewe. Hata mitambo ya kutafuta habari kwenye intaneti inaweza kuyasoma maandishi kama hayo. Na hapa kwetu mashariki, jina na kijiji vinaweza kumletea mtu hatari hadi mlangoni.

Hatukuwalaumu vijana, sisi wachungaji ndio tuliowapa karatasi ile bila kuisoma vizuri. Jina na kijiji vilifutwa siku ileile, si kufichwa. Yanayopaswa kusomwa na wazee tu, seva yenyewe iulize neno la siri kabla haijatuma hata herufi moja. Na mengine yabaki katika daftari la mchungaji.

Parokia yenu ikiwa na ukurasa wa namna hii, mwombeni kijana wenu abonyeze Ctrl na U mbele yenu, kisha mtafute humo jina mnalolijua.