Tony MacAlpine na Kazi ya Mkono wa Kushoto

Katika albamu ya Edge of Sanity, iliyotoka mwaka 1986, kuna mahali ambapo gitaa linanyamaza kabisa. Dramu zinanyamaza, besi nayo inanyamaza, na mtu mmoja anabaki peke yake kwenye piano akipiga Prelude ya 16 ya Chopin, utunzi mfupi wenye kasi ya kutisha. Mtu huyo ndiye mwenye albamu, na ndiye aliyekuwa akiliungurumisha gitaa la umeme dakika chache kabla. Ni rahisi kukiona kipande hicho kama pambo, au kama mapumziko ya masikio. Mimi nakiona kama ufunguo. Asiyekielewa atamsikia Tony MacAlpine kwa miaka mingi na kuambulia kasi tu.

MacAlpine alizaliwa Agosti 29, 1960, katika mji wa Springfield, jimbo la Massachusetts, Marekani. Alianza kujifunza piano akiwa na umri wa miaka 5, na akasoma muziki wa kiklasiki kwa muda mrefu katika chuo cha Springfield Conservatory of Music. Gitaa lilimfika baadaye, akiwa na miaka 12. Mpangilio huo wa matukio ni muhimu. Wapiga gitaa wengi wa roki huanza na gitaa, kisha wakikomaa huanza kuuchungulia muziki wa Bach na Paganini kutafuta mawazo mapya. MacAlpine alifika kwenye gitaa akiwa tayari amekwisha kulelewa na muziki huo.

Ili tumpime kwa haki, turudi kwanza kwenye zama zake. Mwaka 1980, huko California, Mike Varney alianzisha lebo ya Shrapnel Records. Varney alikuwa pia na safu katika jarida la Guitar Player, ambamo aliwatambulisha wapiga gitaa wasiojulikana waliomtumia kanda zao. Mmoja wao alikuwa kijana wa Sweden, Yngwie Malmsteen, aliyeletwa Marekani na kurekodi na kundi la Steeler mwaka 1983. Mwaka uliofuata Malmsteen alitoa albamu ya Rising Force, na mambo yakabadilika. Ghafla kila kijana mwenye gitaa alitaka kupiga noti nyingi kadiri mkono unavyoweza. Mtindo huo ndio ulioitwa shredi. Mwaka 1986 peke yake, Shrapnel ilitoa Mind's Eye ya Vinnie Moore, Street Lethal ya Racer X, na hiyo Edge of Sanity ya MacAlpine. Tena katika Mind's Eye, vinanda unavyovisikia vimepigwa na MacAlpine huyohuyo.

Ufundi wa shredi una mbinu zake. Mpigaji anaweza kuigonga kila noti kwa kipande kidogo cha plastiki anachokishika kwa dole gumba na kidole cha shahada, akikipeleka chini na juu bila kukosea. Anaweza kukifagia kipande hicho kwenye nyuzi kadhaa kwa mwendo mmoja, kama anayepitisha ufagio, huku mkono wa kushoto ukiziachilia noti moja baada ya nyingine zisigongane. Anaweza pia kuvigongesha vidole vya mikono yote miwili kwenye shingo ya gitaa. Mbinu zote hizi zina jambo moja la kufanana: zinaonekana. Mtazamaji anaona vidole vinavyokimbia na kushangilia. Hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu sikio likishatekwa na vidole linasahau kuuliza noti hizo zinaelekea wapi.

Sasa turudi kwenye ile Prelude. Chopin aliuchapisha mkusanyiko wa Prelude zake mwaka 1839. Ile ya 16 inaanza kwa kordi chache nzito, kisha mkono wa kulia unalipuka na kukimbia kama maji ya mto uliovunja kingo. Kila msikilizaji anaufuata mkono huo. Lakini tega sikio chini. Mkono wa kushoto umeshika mdundo mmoja wenye ukaidi, unaurudia na kuurudia, na kila unapohamia kordi nyingine, noti za juu zinapata maana nyingine. Mkono wa kulia unakimbia, wa kushoto ndio unaoamua njia.

Mpango huo ndio uleule wa wimbo wa metali usio na mwimbaji. Besi na gitaa la ridhimu zinashika mdundo chini, gitaa la solo linaruka juu. Naamini MacAlpine aliuona undugu huo kwa sababu alikuwa ameuishi kwenye vidole vyake tangu utotoni. Kwa hiyo anapotunga, haanzi na solo kisha akaitafutia cha kuegemea. Sikiliza nyimbo za albamu hiyo na utasikia kordi zikisafiri: zinahama, zinasita, zinarudi nyumbani kwa mlango ambao hukuutegemea. Solo inazifuata kama mtu anayeijua njia. Mara nyingi noti anayoitilia mkazo ni ileile inayotangaza kwamba kordi imebadilika. Ukiizima bendi na kuiacha solo peke yake, bado utaweza kukisia kordi zilizokuwa chini yake.

Wengi waliomfuata Malmsteen walichukua kwake skeli moja maarufu, ile ya maina ambayo noti yake ya saba imepandishwa nusu hatua na kuleta ladha ya huzuni yenye fahari. Wakaipanda na kuishuka kama ngazi. MacAlpine naye anaitumia sana, lakini kwake skeli ni sehemu ya sentensi. Ina mwanzo, ina kituo, ina jibu.

Angalia pia aliowachagua. Besi kwenye Edge of Sanity imepigwa na Billy Sheehan, na dramu na Steve Smith, aliyepata umaarufu na kundi la Journey lakini mwenye mizizi mirefu katika jazi. Mpiga dramu wa aina hiyo hasukumi tu kwa nguvu. Anasikiliza na kuacha nafasi. Mwaka uliofuata, 1987, ikatoka Maximum Security, ambayo kwa maoni yangu ndiyo kazi yake bora ya muongo ule. Humo MacAlpine alipiga gitaa, vinanda na hata besi. Chini na juu karibu vyote vimetoka katika kichwa kimoja. Na kwa mara nyingine akaweka kipande cha piano cha Chopin: Etude ya 4 ya Opus 10. Katika utunzi huo mbio haziko kwa mkono mmoja. Mkono wa kulia unazianza, wa kushoto unazipokea, kisha zinarudi. Hakuna mkono ulio mtumwa wa mwingine.

Kwa nini basi jina lake halitajwi haraka kama majina ya Malmsteen, Joe Satriani au Steve Vai? Wahenga walisema kizuri chajiuza, lakini muziki unahitaji pia soko lililo tayari kusikiliza. Nyimbo zisizo na mwimbaji zilikuwa na nafasi finyu redioni. Shredi yenyewe ilifurika haraka, albamu zikafanana, na wenye kina wakahukumiwa pamoja na wenye haraka tu. Miaka ya 1990 ilipoingia na mtindo wa kundi la Nirvana, solo ndefu ikaonekana majivuno. Lipo na jambo la rangi. MacAlpine ni Mmarekani mweusi aliyefanya kazi katika uwanja uliojaa wazungu, ingawa roki yenyewe ilijengwa na watu kama Sister Rosetta Tharpe, Chuck Berry na Jimi Hendrix. Tatizo hilo lilikuwa zito kiasi kwamba mwaka 1985 Vernon Reid na wenzake waliunda Black Rock Coalition huko New York, kutetea haki ya wanamuziki weusi kupiga roki bila kuulizwa wanafanya nini humo. Siwezi kuipima sehemu ya kila sababu, lakini sitaki kuifumbia macho hiyo ya mwisho.

Wanamuziki wenzake hawakuwahi kumsahau. Kuanzia mwaka 2000 alisikika katika Planet X, pamoja na mpiga vinanda Derek Sherinian na mpiga dramu Virgil Donati, na katika CAB, kundi la jazi ya umeme la Bunny Brunel na Dennis Chambers. Steve Vai alimchukua katika bendi yake, ambako alipiga gitaa na vinanda. Bendi za namna hiyo hazimwiti mtu kwa kasi ya vidole. Zinamwita anayeweza kusikia kila kinachotokea jukwaani. Mwaka 2015, mwaka uleule alipotoa Concrete Gardens, aligunduliwa kuwa na saratani ya utumbo mpana. Alitibiwa, akarudi kazini, na mwaka 2017 akatoa Death of Roses.

Kwa anayetaka kumjua, ushauri wangu ni huu. Chukua Maximum Security. Anza na ile Etude ya piano, uisikilize mara mbili, na mara ya pili ufuate mkono wa kushoto tu. Kisha rudi mwanzo wa albamu, kwenye wimbo wa Autumn Lords, na ufanye vilevile: liache gitaa la solo lijiendee, wewe shuka chini zilipo kordi. Gitaa litakurudia lenyewe, na safari hii utajua kwa nini linakimbia.