Hesabu ya Mwezi Mmoja ya Mwanao Aliye Nairobi

Ndugu mkulima, huenda mwanao anakaa Kibera au Kawangware pamoja na mkewe na watoto wawili wadogo. Ana kazi ya mshahara. Wampigia simu kumwambia kwamba mbolea imekwisha au ng'ombe anataka dawa, na akikawia kuleta fedha wasema mji umemharibu. Kabla hujasema hivyo tena, chukua kalamu tupige hesabu yake. Mimi ni karani wa ofisi ya kilimo, lakini nilifunzwa ualimu kwanza, na naamini hesabu iliyoandikwa huzuia ugomvi mwingi.

Tuchukue mfano wa kijana mwenye mshahara wa Sh. 20,000 kwa mwezi. Fedha hizo hazimfikii zote. Asilimia 6 huenda katika akiba ya uzeeni ya NSSF, yaani Sh. 1,200. Asilimia 2.75 ni ya bima ya afya, ile iliyochukua mahali pa NHIF mwaka wa 2024, yaani Sh. 550. Asilimia 1.5 ni makato ya nyumba, Sh. 300. Kodi ya mapato haimgusi kwa kuwa mshahara wake ni mdogo. Mkononi apata Sh. 17,950.

Sasa tutoe. Bei nitakazotaja ni za mfano. Muulize mwanao zake. Chumba kimoja cha mabati, Sh. 3,500. Maji hayatoki kisimani kama kwako, hununuliwa kwa mtungi wa lita 20. Mitungi minne kwa siku, kila mmoja Sh. 10, ni Sh. 1,200 kwa mwezi, na mfereji ukikauka bei hupanda. Nauli ya Sh. 60 kwenda na Sh. 60 kurudi, kwa siku 26, ni Sh. 3,120. (Wengi wa Kibera hutembea kwa miguu hadi Industrial Area wakifuata reli, nao si wavivu wala si wabahili.) Mtoto mmoja wa shule ya chekechea, Sh. 1,500.

Zimebaki Sh. 8,630. Zigawe kwa siku 30: hazifiki Sh. 290 kwa siku. Hizo ndizo za unga, sukuma wiki, mafuta, makaa, sabuni na dawa za watu wanne. Ukimwomba Sh. 2,000, zitabaki Sh. 221 kwa siku. Hapo ndipo mke huanza kuandikisha deni dukani, na mwezi ujao mshahara huingia ukiwa umekwisha kuliwa.

Utauliza kwa nini hununua mafuta ya kupima ya Sh. 20 na makaa ya mkebe, na hali vitu vya kupima ni ghali kuliko vya jumla. Ni kweli ni ghali. Lakini mkewe akifua nguo za watu Lavington hulipwa kwa siku, na fedha ya siku hununua vya siku. Dawa ni kununua unga, mafuta na sabuni ya mwezi mzima siku ile ile mshahara uingiapo, mara baada ya kodi ya nyumba.

Hapo ndipo shamba lako laweza kusaidia kuliko unavyodhani. Watu wanne wakila kilo moja ya unga kwa siku, gunia la mahindi la kilo 90 ni chakula cha karibu miezi mitatu, na vinu vya kusaga viko Kibera na Kawangware. Lakini usipeleke gunia zima. Chumba hakina ghala, na mabati hutoa jasho usiku. Peleka debe moja moja, na mahindi yawe yamekauka vizuri, unyevu usizidi asilimia 13.5, yasije yakaota sumukuvu na kudhuru watoto. Wewe wa Kinangop mwenye viazi, peleka vya wiki mbili tu. Vikikaa kwenye mwanga hugeuka kijani, na vya kijani havifai kuliwa. Maharagwe ni mazuri, ila hula makaa mengi. Jina Kibera latokana na neno la Wanubi lenye maana ya msitu, lakini leo huokoti kuni huko. Mwambie mkwe wako ayaloweke usiku kucha, ayachemshe mara moja kwa siku tatu. Sukuma wiki usipeleke. Nauli ya mzigo itapita bei yake sokoni.

Na ile mbolea? Itenge katika fedha za mavuno yako, kabla hujalipa kingine. Ikiwa lazima mwanao achangie, patana naye mapema. Sh. 300 kila mwezi kwa miezi kumi ni Sh. 3,000, nazo zitamwuma kidogo kuliko kuombwa zote kwa siku moja. Aziweke hadi zitimie, azitume mara moja, maana ada ya simu hutozwa kila atumapo. Usimwombe mwezi wa Januari, shule zifunguliwapo.

Wale wanaopeleka mizigo kwa basi waandike jina la mpokeaji na namba yake ya simu kwenye karatasi, waitie ndani ya gunia pia. Kibandiko cha nje hung'oka njiani.