Ghuba Iliyokaushwa na Upepo

Tarehe 10 Septemba 2017, kimbunga Irma kikipanda kutoka kusini mwa Florida, sehemu kubwa ya ghuba ya Tampa iliachwa wazi. Kando ya barabara ya Bayshore, ambako mawimbi hugonga ukuta kila siku, pakabaki tope tupu. Karibu na Sarasota, wanyama wawili wa jamii ya nguva, aina ya manatii, walikwama topeni mpaka watu wakawakokota kwa maturubai hadi penye maji. Tarehe 28 Septemba 2022, kimbunga Ian kilipokuja, Tampa ikapwa vilevile.

Mara zote mbili watu waliambizana kwamba kimbunga hunyonya maji ya pwani. Kuna ukweli kidogo hapo, ila hautoshi. Kanieneo ya hewa ikishuka kwa milibari 1, bahari huinuka kama sentimita 1. Kwa hiyo kimbunga ambacho kanieneo ya kitovu chake imepungua kwa milibari 70 huinua maji sentimita 70 hivi, tena pale kitovuni tu. Kinachokausha ghuba ni upepo.

Katika nusu ya kaskazini ya dunia, vimbunga huzunguka kinyume cha mshale wa saa. Kitovu kikiwa kusini mwa Tampa, upepo hutokea upande wa kaskazini-mashariki, na mlango wa ghuba unatazama kusini-magharibi. Maji yanasukumwa moja kwa moja kuelekea mlangoni, mithili ya chai inayopulizwa kwenye kisahani.

Lakini upepo huohuo huvuma pia juu ya bahari kuu, na huko hapakauki. Tofauti iko kwenye kina. Penye kina kirefu, maji ya juu yanaposukumwa kwenda upande mmoja, ya chini hupata nafasi ya kurudi upande wa pili, hivyo usawa wa bahari haubadiliki sana. Ghuba ya Tampa ina kina cha wastani wa mita 4 tu. Humo msukumo wa upepo hufika mpaka chini, maji hayana njia ya kurudi, na uso wa ghuba huinama: upande mmoja unashuka, mwingine unapanda. Kina kikiwa nusu, mwinamo huo huwa maradufu. Kasi ya upepo ikiongezeka mara mbili, nguvu yake juu ya maji huongezeka takriban mara nne. Na ghuba hiyo ina urefu wa zaidi ya kilomita 50, kwa hiyo hata mwinamo wa sentimita 2 kwa kila kilomita hutosha kuondoa mita nzima ya maji.

Linalonitia hofu ni watu kushuka kutembea topeni, kama ilivyotokea Tampa. Maji yale yameshikiliwa na upepo, na upepo wa kimbunga hugeuka. Huko Naples, kusini zaidi, Irma kwanza iliyafukuza maji. Jicho la kimbunga lilipopita, upepo ukaanza kuvuma kutoka baharini, na maji yakapanda zaidi ya mita 2 ndani ya dakika 90. Ian nayo ilipokuwa ikiikausha Tampa, ilizamisha Fort Myers Beach, huko kusini, kwa zaidi ya mita 3.

Kwetu Afrika Mashariki, kupwa kwa ghafla huwakumbusha wengi tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004. Tsunami huja hata siku ya shwari, na maji yaliyokimbia hurejea baada ya dakika chache. Upepo huweza kuyazuia kwa saa nyingi.

Vimbunga vya upande wetu, katika nusu ya kusini ya dunia, kama Hidaya kilichofika kisiwa cha Mafia Mei 2024, huzunguka kufuata mshale wa saa. Kimbunga kikitokea mashariki, pwani iliyo kaskazini ya kitovu hupata upepo wa kutoka bara, na mahori yake yanaweza kupwa. Iliyo kusini hupata upepo wa baharini na mafuriko. Kitovu kikisogea kaskazini, mahali palipokauka asubuhi panaweza kuwa upande wa mafuriko jioni.