Kufunga Dirisha Si Kutoka: Linda Manenosiri ya Biashara Yako

Tuseme una duka la vipuri hapa Kiboko, karibu na pale malori ya Mombasa Road huegesha usiku. Kompyuta ni moja tu. Asubuhi wewe unaangalia malipo yaliyoingia kwenye till, mchana kijana wako anaandika hesabu, jioni dereva anaomba umchapishie risiti.

Manenosiri ya biashara umeyaweka kwenye kidhibiti cha manenosiri badala ya kuyaandika kwenye daftari. Hapo umefanya vizuri. Lakini ukiinuka kwenda kula, huwa umetoka kweli, ama umefunga dirisha tu?

Mambo matatu yanayochanganywa

Kufunga dirisha ni kama kushusha pazia la kibanda: ndani hakuonekani, lakini mlango hujaufunga.

Kufunga kidhibiti ni kutia kufuli. Data yako inabaki kwenye kompyuta ikiwa imefichwa kwa njia fiche, na nenosiri kuu ndilo litakalofungua tena.

Kutoka ni kuondoa akaunti yako kwenye mashine hiyo. Anayetaka kuingia sharti aanze upya, kwa barua pepe na nenosiri kuu.

Kwa wanaoandika amri

Kuna watu hutumia kidhibiti kupitia lile dirisha jeusi la kuandika amri, yaani terminali. Tuchukue Bitwarden kama mfano. Ukiandika bw unlock na kuweka nenosiri kuu, programu inakupa ufunguo wa muda. Watu wengi huuweka kwenye terminali kwa jina BW_SESSION ili wasiulizwe nenosiri kila mara.

Ufunguo huo hufanya kazi mpaka uandike bw lock au bw logout. Ukifunga dirisha tu, dirisha jipya halitaujua, lakini ufunguo wenyewe haujabatilishwa. Kama uliuhifadhi kwenye faili ili kujirahisishia kazi, atakayeketi hapo baada yako anaweza kuutumia kufungua kila kitu.

Utumie amri gani? Kama laptopu ni yako peke yako na unarudi sasa hivi, bw lock inatosha. Kama ni kompyuta ya duka, au uko saiba kule Makindu, tumia bw logout.

Kabla hujainuka kwenye kiti

1. Toka kwanza kwenye tovuti yenyewe ya malipo. Kutoka kwenye kidhibiti hakukutoi kwenye tovuti uliyokwisha kuifungua. Hii ni milango miwili tofauti, na wengi husahau huu wa kwanza.

2. Andika bw logout, kisha bw status. Ukiona neno unauthenticated, umetoka. Ukiona locked, bado hujatoka.

3. Nakili neno lolote la kawaida, hata "habari". Nenosiri ulilonakili mwisho linaweza kuwa bado linasubiri kubandikwa na mtu mwingine.

4. Usiandike nenosiri kuu kwenye mstari mmoja na amri. Terminali huweka kumbukumbu ya amri ulizoandika, na mtu akibonyeza mshale wa juu anaweza kuliona. Acha programu ikuulize yenyewe.

Na kama tayari umeondoka?

Usingoje kesho. Tumia simu yako kubadilisha nenosiri la tovuti ya malipo, maana hapo ndipo pesa ilipo. Kisha ingia kwenye akaunti yako ya Bitwarden kupitia kivinjari, uende kwenye mipangilio, na uondoe vifaa vyote vilivyoingia. Kumbuka kwamba hatua hiyo inaweza kuchukua hadi saa moja kufika kwenye kila kifaa, kwa hivyo kama kuna mtu unayemwamini dukani, mpigie aizime kompyuta.

Jambo la mwisho ni PIN yako ya pesa za simu. Hiyo ikae kichwani mwako pekee: usiiweke kwenye kompyuta ya wengi, na usimpe yeyote anayekupigia akisema ni mhudumu wetu. Sisi hatukuulizi PIN.

Leo jioni ukifunga duka, andika bw status kabla ya kushusha mlango. Ni sekunde chache tu, halafu ulale ukijua funguo zako uko nazo mwenyewe.