Trekta likizama, funga difu

Naishi Khuwair ya Kusini, lakini trekta langu dogo liko shambani Barka, kwenye mitende na mchanga. Tairi moja la nyuma likikosa mshiko, difu, yaani gia zinazogawa mzunguko kati ya matairi hayo, huliachia mzunguko wote; lenzake, lililo kwenye ardhi ngumu, linasimama tu.

Hapo ndipo pedali ya kisigino, chini ya kiti, ina kazi yake: inafunga difu ili matairi yote mawili yazunguke pamoja. Punguza mafuta, subiri tairi litulie, kanyaga, kisha songa taratibu, usukani umenyooka. Ukikata kona bila kuifungua, trekta litang'ang'ania kwenda mbele na gia zinaweza kuvunjika. Ukishatoka, inua mguu.

Na kwenye mteremko, kumbuka: difu iliyofungwa haizuii trekta kupinduka.